Sahihi 3,750

Karatasi ya kusakia wadhamini ndani ya chama cha Democratic mjini New York ni ya kijani. Juu pana jina la mgombea, anwani yake na nafasi anayoomba. Katikati kuna mistari ya tarehe, sahihi, jina, makazi na kaunti, na chini kabisa tamko la shahidi. Anayewania umeya hurudisha sahihi halali 3,750, anayewania udiwani 450, na zote hukusanywa katika wiki chache zinazoanza mwishoni mwa Februari, baridi ikiwa bado kali.

Wajamaa wa mji huo, tawi la New York la Democratic Socialists of America, si chama cha siasa mbele ya sheria. Wagombea wao wengi hupitia mchujo wa Democratic, kwa hiyo karatasi hiyo hawaikwepi. Watu huwajua kwa hotuba zao. Mimi nawaheshimu zaidi kwa namna wanavyoishughulikia karatasi hiyo.

Mtazame mama wa makamo, mwanachama wa kujitolea, akifanya kazi Astoria, kule Queens, mtaa wa Wagiriki, Wamisri na Wabangladeshi. Kabla hajatoka nyumbani ameshapanga orodha ya wapiga kura kwa jengo na kwa ghorofa. Ndani yake wamo wanachama wa Democratic walioandikishwa tu, maana sahihi ya mtu mwingine haihesabiwi. Kalamu mbili za wino ziko mfuko wa ndani wa koti, zisigande kwa baridi. Hupanda kwanza hadi ghorofa ya juu, kisha hushuka mlango kwa mlango.

Hugonga, halafu hurudi nyuma hatua mbili, ili anayechungulia kwenye tundu la mlango auone uso wake na ubao alioshika. Hutaja jina lake, mtaa anaoishi, jina la mgombea na jambo moja tu. Mwaka 2025 jambo hilo lilikuwa kodi ya nyumba: kuzuia isipande kwenye makazi takriban milioni moja ambayo kodi zake hudhibitiwa. Kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, na vijana wengi hushindwa; hujaza ukimya kwa maneno mpaka mwenye nyumba anachoka.

Akikubaliwa, huuliza kwanza: umeshamdhamini mwingine kwa nafasi hii hii? Mpiga kura hudhamini mgombea mmoja kwa nafasi moja, na sahihi yenye tarehe ya awali ndiyo inayosimama. Aliyekwisha kusaini hushukuriwa na kuachwa. Asiyesaini hugeuziwa ubao, na kidole cha mama huonyesha mstari. Sheria inamtaka mpiga kura atie sahihi kwa mkono wake. Mengine aweza kuandikiwa. Basi mama huandika mwenyewe jina na anwani kwa herufi kubwa, pale pale mlangoni, jicho moja kwenye orodha. Akikosea tarehe, haandiki juu yake. Hukata kwa mstari mmoja, huandika upya, na huweka herufi za mwanzo za jina lake pembeni, kwa kuwa rekebisho lisilo na mwenyewe hupingwa.

Ukurasa ukijaa, huhesabu mistari, huhesabu tena, ndipo hujaza tamko la shahidi. Hapo anathibitisha kwamba yeye ni mwanachama wa chama cha Democratic na kwamba kila sahihi ilitiwa mbele yake.

Ufundi huu umejengwa kwa kushindwa. Mwaka 2017 wajamaa hao walimuunga mkono mchungaji Khader El-Yateem kuwania udiwani Brooklyn, wakashindwa. Miongoni mwa walioendesha ugongaji wa milango alikuwa Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 2019 mgombea wao Tiffany Cabán aliikosa nafasi ya mwendesha mashtaka wa Queens kwa kura zisizofika 100, baada ya kura kuhesabiwa upya na nyingine kubishaniwa moja moja. Baada ya hapo, nani angethubutu kuuita uangalifu huu urasimu? Cabán alichaguliwa kuingia baraza la jiji mwaka 2021. Mamdani alishinda mchujo wa umeya Juni 2025, na Novemba mwaka huo akachaguliwa kwa kura zaidi ya milioni moja.

Jioni karatasi hufika mezani kwa wasomaji wengine. Hawa hulinganisha kila mstari na daftari la wapiga kura na kukata usiofaa. Kurasa hupewa namba chini kwa mfuatano, hufungwa pamoja, hupelekwa tume ya uchaguzi. Hulengwa idadi inayozidi 3,750 mara kadhaa, kwa sababu mahasimu nao husoma mstari kwa mstari, huweka pingamizi, na wapo wanaoenguliwa kwa kupungukiwa sahihi chache tu.

Milango isiyofunguliwa haifutwi kwenye orodha. Mama huandika saa aliyogonga, na akipita tena huchagua saa nyingine: aliyegongewa mchana hugongewa jioni, na wa siku ya kazi hufuatwa Jumapili.