Mkono wa Roboti Uliotoka Nje ya Uzio

Desemba 2008, Linatex, kampuni ya Denmark inayotengeneza bidhaa za plastiki na mpira za viwandani, ilisimamisha mkono wa roboti kando ya mashine yake ya kukata vipande inayoongozwa na kompyuta. Haikuuzungushia uzio. Wafanyakazi waliendelea na kazi pembeni yake, na waliouelekeza ni wao wenyewe, kwa kugusa skrini. Hakuna mtaalamu wa programu aliyekodiwa.

Kabla ya hapo, tangu roboti iitwayo Unimate iingie kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961, roboti ilikuwa dude la kufungiwa kizimbani. Ununue mkono, kisha uzio, kisha vihisi, kisha umlipe mhandisi, na umwite tena bidhaa ikibadilika. Kiwanda cha magari kinachochomelea mlango uleule mwaka mzima kinazimudu gharama hizo. Karakana inayokata bushi wiki hii na valvu wiki ijayo haiziwezi.

Mkono wa Linatex ulikuwa UR5 wa Universal Robots, kampuni iliyoanzishwa Odense mwaka 2005 na Esben Østergaard na wenzake wawili. Unanyanyua kilo 5, unafika sentimita 85, na wenyewe una uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo watu wawili wanauhamisha bila winchi. Fundi anaushika, anauvuta hadi kwenye trei, anahifadhi mahali hapo. Anauvuta hadi kwenye mashine, anahifadhi tena. Kompyuta ya mkono hufuatilia umeme unaotumiwa na mota za viungo: ukipanda kuliko ilivyotarajiwa, mkono umegonga kitu, basi unasimama. Hata hivyo, ukiushikisha kipande chenye makali unabaki hatari kama kisu chochote, na ndiyo maana tathmini ya usalama hufanyiwa kazi nzima, pamoja na kile kilichoshikwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye trei. Binadamu huchota kipande kwenye ndoo bila hata kutazama. Mkono usio na kamera hutaka kila kipande kiwe palepale, kimeelekea vilevile. Kwa hiyo karakana hutengeneza trei yenye matundu, vidole vya kushikia vinavyolingana na kipande, na bomba la hewa la kupuliza vumbi la chuma, maana chembe moja ikibaki kwenye taya za mashine kipande kitakaa upande. Mlango wa mashine nao lazima ujifungue. Halafu piga hesabu: trei ikibeba vipande 40 na kila kimoja kikatwe kwa dakika 3, fundi ana saa mbili za kufanya mengine. Ikibeba 10, atakuwa mtumishi wa roboti.

Mwendo wa mkono ni wa taratibu, kwa sababu ya usalama. Pale ambapo mashine hukata kwa dakika 3, hilo halidhuru. Pale ambapo kazi huisha kwa sekunde 6, mtu ataushinda.

Boston walijaribu njia nyingine. Mwaka 2012 Rethink Robotics ya Rodney Brooks ilitoa Baxter, yenye mikono miwili na uso wenye macho kwenye skrini (watu waliipenda, na si ajabu), kwa dola 22,000 hivi. Viungo vyake viliwekwa springi ili isiumize, lakini springi hizo ziliipunguzia usahihi. Rethink ilifunga milango Oktoba 2018. Mkono wa Odense, usio na uso, ulirudi mahali palepale kwa tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita, na mwaka 2015 Teradyne ya Marekani ilinunua kampuni yake kwa dola milioni 285. Sioni bahati hapo. Fundi alinunua kile kilichokaa sawa kwenye taya.

Mwenye karakana, kabla hujauliza bei ya roboti, simama kando ya mashine yako na saa mkononi: pima fundi wako hukaa dakika ngapi akisubiri ikate. Kama ni sekunde tu, tumia fedha zako kwenye trei na taya bora.