Mstari Mweupe

Kwenye bendera ya Kenya, kinachomtoa fundi jasho ni nyeupe. Mteja hukagua ngao na mikuki kwanza, lakini fundi mmoja wa hapa mtaani Free Area, mwenye cherehani yake kando ya barabara ya Lanet, hupima kazi ya mwenzake kwa vile vistari viwili vyembamba.

Hesabu yenyewe ni hii: upana wa bendera hugawanywa sehemu 20. Nyeusi, nyekundu na kijani huchukua 6 kila moja, na kila mstari mweupe huambulia sehemu 1. Kwa bendera ya sentimita 60 kwa 90, rangi kubwa ni sentimita 18, nyeupe ni 3. Chaki ikiteleza milimita mbili kwenye nyeusi, nani atajua? Ikiteleza kwenye nyeupe, hata aliye mwisho wa uwanja anaona.

Kwa hiyo haamini chaki. Hushika uzi mmoja wa kitambaa na kuuchomoa taratibu, toka ukingo hadi ukingo, kisha mkasi hufuata njia uliyoiacha ule uzi. Ukikatika katikati, huutafuta tena kwa ncha ya sindano. Nyeupe yake ni pamba nzito, ghali kuliko rangi nyingine, maana nyeupe nyepesi huonyesha kivuli cha weusi ulio chini yake. Kwa kila mstari hukata tepe mbili, ya mbele na ya nyuma, hukunja kingo na kuzipiga pasi, halafu huingiza rangi mbili zinazopakana, mathalani nyeusi na nyekundu, katikati yake, kidogo tu kila upande, na kuzishika kwa bandi ya mkono.

Hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Cherehani ikianza kutembea, macho yanaona utepe wa juu peke yake; wa chini anaufuata kwa vidole. Bendera haina upande wa ndani, ikipepea inasomwa kotekote. Akiigeuza na kukuta sindano imeukosa utepe wa chini, hata kwa urefu wa ukucha, hufumua mstari mzima. Hanung'uniki.

Nikimtazama, mawazo hunipeleka usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera hii ilipopandishwa saa sita usiku pale Uhuru Gardens, Nairobi. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa tayari rangi za chama cha KANU; bendera ya taifa ikaongezewa nyeupe, rangi ya amani. Usiku ule watu walisherehekea kuwa raia. Kwa sheria mpya, aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja amezaliwa Kenya, aliamka raia bila kujaza fomu. Wengine waliozaliwa hapa, wakiwemo Wahindi wengi, walipewa miaka miwili kujiandikisha.

Sheria hiyohiyo iliwafanya raia Wasomali wa kaskazini mashariki, ingawa tume iliyowauliza maoni mwaka 1962 ilikuwa imekuta wengi wao wanataka kuungana na Somalia, na uchaguzi wa Mei 1963 waliususia. Siku 16 baada ya sherehe, tarehe 28 Desemba, serikali ilitangaza hali ya hatari huko. Vita vya huko, vilivyoitwa vita vya Shifta, vikaendelea hadi 1967. Hata huku kwetu hakukutulia: tarehe 24 Januari 1964 askari waliasi katika kambi ya Lanet, jirani kabisa na hapa. Furaha ya Desemba ilikuwa ya kweli, naiamini kwa moyo wote. Ila ule mstari wa amani ulianza kuvutwa huku na huku kabla bendera haijapauka, na waliovutwa nao kwa nguvu zaidi ni raia ambao hakuna aliyewauliza tena.

Mshono wa mwisho ni wa ukingo ulio mbali na mlingoti, kwa sababu upepo huanza kula bendera kutoka huko. Fundi huukunja mara mbili na kuupiga mistari minne, na kwenye pembe hurudi nyuma na mbele mpaka uzi ushibe. Shule humletea bendera zilizoraruka ukingo huo zikimwomba akate palipochakaa na kupinda upya. Hukataa. Urefu ukipungua, ngao haitakuwa katikati tena. Huwaagiza walete kitambaa kipya cha rangi tatu, na nyeupe hununua mwenyewe.