Timu Inayovunjwa Kila Ikishinda: Mpira wa Miguu katika Michezo ya Shule

Katika kuujadili utamaduni wa taifa letu, waandishi wengi wameshughulikia ngoma, ushairi na uchongaji, na mpira wa miguu wameuachia kurasa za nyuma za magazeti. Twaona kwamba huko ni kuunyima mchezo huu haki yake. Mashindano yana umbo, kama utenzi ulivyo na umbo, na umbo hilo ndilo liamualo ni mpira wa namna gani utakaochezwa na ni nani atakayeweza kusema kwamba ni wake. Hapa tutayatazama mashindano ya mpira yaliyomo ndani ya michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, nasi tutayatazama tukiwa tumesimama Lupingu.

Lupingu iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa. Mbele yake ni maji. Nyuma yake milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mtoto wa huko anayekwenda kushindana makao ya wilaya hana budi kwanza kuupanda ukuta huo, na wazazi wanaomsindikiza kwa macho wanajua kwamba anapanda na jina la kwao.

Lakini jina hilo halifiki mbali. Utaratibu ni huu: shule hushindana na shule ndani ya kata, kisha walimu huteua wachezaji bora wakawa timu ya kata. Kata zikishindana, huteuliwa wengine wakawa timu ya wilaya. Na kutoka wilayani hupatikana timu ya Mkoa wa Njombe, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka ule wa Iringa. Timu hiyo ndiyo iendayo kwenye mashindano ya taifa pamoja na wakimbiaji na wachezaji wa netiboli na wavu. Maana yake ni kwamba katika kila hatua timu iliyoshinda huvunjwa. Kushinda ndiko kunakoiua. Mwishoni haifiki timu ya Lupingu; akifika mtu, ni mtoto mmoja au wawili, wamevaa jezi ya mkoa.

Msomaji aulinganishe utaratibu huu na mganda, ngoma ijulikanayo sana katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Wanaume hujipanga mistari, mavazi yao meupe, wakafuata ngoma kwa hatua zinazokumbusha gwaride la askari wa zama za ukoloni. Kijiji hualika kijiji, na kundi huenda zima, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wapishi na watazamaji wake. Hebu tufikiri mtu achukue mchezaji mmoja hodari kutoka kila kundi, awakutanishe kwa siku chache, kisha awaambie wacheze. Angepata miguu mizuri, lakini mstari asingeupata.

Na hicho ndicho tukionacho katika mpira wa michezo ya shule. Chenga ni nyingi, mashuti ya mbali ni mengi, na pasi tatu mfululizo ni adimu. Wapo wahakiki wanaosema kwamba watoto wetu hawajui kucheza kitimu. Hukumu hiyo si ya haki. Watoto hao walipokuwa shuleni kwao walijua. Waliondolewa kwa wenzao waliokuwa wakiwajua, wakaingizwa katika kambi fupi na wageni.

Ratiba nayo huongeza tatizo. Mpira uliomo ndani ya michezo mingi hautawali siku zake wenyewe, kwa kuwa michezo ina siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville, mwaka 1965, fainali ya mpira kati ya Kongo na Mali iliisha bila bao, na Kongo wakapewa ushindi kwa kuhesabiwa kona. Huo ni mfano wa kupindukia, ila unaonyesha ni nani bwana na ni nani mtumwa pale kalenda inapokutana na mpira.

Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Kwao bingwa wa mpira wa sekondari ni shule, si mkoa. Kakamega High na St. Anthony's ya Kitale zimejenga majina ambayo mzee aliyesoma huko zamani huyataja kwa fahari ileile ya mwanafunzi wa leo. Sisi twamuuliza shabiki wa Njombe aitaje timu ya mkoa wake ya miaka kumi iliyopita; hawezi, na hatumlaumu.

Hata hivyo tungekuwa waongo kama tungeishia hapo. Utaratibu wetu una huruma moja ambayo ule wa Kenya hauna. Shule ndogo ya kando ya ziwa, yenye mpira mmoja uliochakaa, haitaushinda mkoa kamwe. Lakini kipa wake aweza kuteuliwa. Mteule huyo huuona Njombe, huenda akaiona Mtwara au Tabora, miji ambayo imewahi kupokea fainali za taifa. Kwa hiyo mlango ule unaofungiwa kijiji hufunguliwa kwa mtoto mmoja, na si mzazi yeyote wa Lupingu atakayetaka ufungwe.

Kwa maoni yetu, shule iliyoshinda katani ipande Ludewa ikiwa nzima, na ikishinda huko iende Njombe ikiwa nzima, ikiongezewa watoto watatu au wanne waliong'ara katika shule zilizoshindwa. Uteuzi wa jumla ungoje mpaka timu ya mkoa. Idadi ya watoto wa kusafirishwa haitazidi, wala magari hayatazidi. Litakalobadilika ni jina litakalotangazwa uwanjani Njombe timu zinapoingia.