Maiki Ilimsikia Nani?

Mzee alisikiliza kama dakika kumi hivi, akavua visikizi, akanirudishia simu. "Kijana wangu," akasema, "sasa mimi niko wapi hapa?"

Mimi huandika uhakiki, lakini sijawahi kuhakikiwa vikali namna hiyo.

Tulikuwa Manga, kule juu kwenye mwinuko unaotazama mji wa Kisii, ndani ya ukumbi wa mabati. Kikundi cha vijana na wazazi wao kilikuwa kimecheza mchezo wa nyimbo kuhusu ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Mimi nilipewa kazi ya kurekodi. Mzee alikuwa amepiga obokano, ile ala kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane na sauti nzito inayonguruma, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa rekodi yangu, ni kama hakuja.

Nilivyofanya ni hivi. Waigizaji wakuu wanne niliwabandika maiki ndogo za kifuani. Kwaya nikaiwekea maiki moja. Obokano nikaiacha iingie popote itakapopenya. Nyumbani nikakata sauti za chini ili kupunguza jenereta, halafu nikapitisha programu ya kuondoa kelele. Jenereta ikaisha kweli, na obokano ikaenda nayo. Kwa programu ile, mvumo wowote unaodumu ni kelele. Haijui nani alialikwa na nani alijileta.

Sasa ona hasara yake. Kuna mahali kaka mkubwa anaapa kwamba baba alimwachia shamba lote. Mwigizaji anaapa na uso mkavu kabisa. Hapo obokano inashuka hadi uzi mzito, inanguruma mara mbili, na ukumbi mzima unaangua kicheko, maana kila mtu amejua jamaa anadanganya. Kwenye rekodi yangu kuna kiapo, kimya, halafu kicheko. Mtu ambaye hakuwepo atadhani watu wa Manga wanamcheka mtu mkweli. Nilikuwa nimegeuza mchezo bila kugusa hata neno moja la mwandishi.

Ndiyo maana nasema kuweka maiki ni uhakiki. Unaamua nani anabeba maana na nani ni mapambo. Na sisi wasomaji tuna tabia ya kudhani maana yote iko kwenye maneno. Chukua Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyochezwa na wanakijiji wa Kamiriithu mwaka 1977 hadi serikali ikaipiga marufuku. Ilijaa nyimbo na ngoma. Leo wengi wetu tunaijua kama kitabu tu, na kitabu hakiimbi.

Upande wa pili, kumbuka Chemirocha, wimbo ambao Hugh Tracey alirekodi mwaka 1950 kwa Wakipsigis, majirani wa Abagusii. Tracey alizoea kushika maiki mkononi na kuisogeza karibu na chombo au mwimbaji alipoona inafaa. Huo pia ni uamuzi wa mtu mmoja, tena mgeni. Lakini angalau masikio yake yalikuwa palepale, yakichagua muziki ukiendelea. Mimi nilichagua kabla sijasikia chochote.

Onyesho la pili nilirudi na mpango mwingine. Kwanza nilikaa kwenye mazoezi bila kifaa chochote, nikisikiliza tu watu wanacheka wapi. Kisha nikaweka maiki mbili za kondensa mbele ya steji, juu ya vichwa vya safu ya kwanza, zikiachana sentimita 17 na kufunguka nyuzi 110, takriban kama masikio ya mtu aliyeketi hapo. Ni za kadioidi, yaani husikia zaidi mbele kuliko nyuma, kwa hiyo mgongo wake niliuelekeza kwenye jenereta. Obokano ikapata maiki yake, sentimita 40 kutoka kwenye nyuzi. Maiki ya karibu zaidi nikaiweka zaidi ya sentimita 120 kutoka hiyo. Kanuni ni mara tatu: zikikaribiana mno, sauti moja inafika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na mkiichanganya inatoka imekonda kama mtu anayeimba ndani ya tangi.

Programu ya kelele sikuigusa.

Matokeo si safi. Mvua ya jioni ilipiga mabati wakati wa wimbo wa tatu, na imo. Jenereta imo kwa mbali. Dada mdogo alipogeuka kuongea na mama yake, maneno yake mawili yalizama, na maiki ya kifuani ingeyaokoa. Hiyo ni hasara halisi, sitajifanya haipo. Lakini kiapo kinafuatwa na mngurumo, na mngurumo unafuatwa na kicheko. Mchezo umerudi kuwa mchezo.

Kwa hiyo ukitumiwa linki ya mchezo wa kijiji na uone kwaya imepwaya au watu wanacheka ovyo, usikimbilie kuwalaumu waigizaji. Uliza kwanza maiki ilikuwa wapi.

Mzee nilimpelekea rekodi ya pili. Alipofika kwenye kiapo hakusema kitu. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akamwita mkewe jikoni aje asikie.