Hongera kwa Misa ya Kikongo

Wapo Wakristo wanaomwimbia Mungu huku wakiwaza jirani atasemaje. Mikono haiinuki, miguu imeganda, kigelegele kinaishia kooni. Basi pongezi ziwaendee Wakatoliki wa Kongo, ambao misa yao imempa muumini ruhusa ya kucheza, tena kwa maandishi.

Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, aliipigania kwa miaka mingi pamoja na maaskofu wenzake, hadi Vatikani ikaiidhinisha mwaka 1988. Humo mababu waliomcha Mungu wanaitwa pamoja na watakatifu. Toba inakuja baada ya mahubiri, na nadhani ndipo mahali pake, maana mtu huungama vizuri akishasikia Neno. Kisha watu wanapeana amani. Unapoimbwa Utukufu, padri na wahudumu wanaizunguka altare wakicheza, na waumini wanayumba pale walipo, hata bibi mwenye goti bovu. Ni misa ndefu, kweli, lakini sijui nani anayeangalia saa.

Wengine huiita vurugu. Sikubali. Hatua zinakwenda kwa pamoja, na kila ishara ina nafasi yake katika ibada. Mfalme Daudi alipocheza mbele ya Sanduku la Agano, mkewe Mikali alimdharau. Kinshasa Daudi angepewa nafasi mbele.

Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko aliiongoza misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Wakongo wakaimba na kucheza kama wako kwao. Hongereni sana, ndugu zetu.