Filamu "Virunga": na sisi tuko wapi mule?

Wandugu, nimeitazama tena filamu Virunga ya Orlando von Einsiedel, ile ya 2014 iliyofika mpaka kwenye orodha ya Oscar. Mara ya kwanza nilikuwa ningali mwanafunzi, tukapiga makofi. Juzi niliitazama Mutwanga, kwa mama mdogo, mwenye shamba la kakao karibu na mpaka wa parki.

Tuseme ukweli, ni kazi ya nguvu. Mlinzi Rodrigue Katembo anarekodi kwa siri watu wanaomshawishi kwa pesa, wakati kampuni SOCO ya Uingereza inatafuta petroli katika mahali UNESCO ilipoweka kwenye urithi wa dunia tangu 1979. Juni 2014 SOCO ikakubali kusimamisha kazi. Filamu ngapi zinaweza kujivunia hivyo? Na gorila Kaboko anapokufa, nyumba nzima ilinyamaza.

Lakini mimi ni mtu wa agronomia, macho yangu yanatafuta shamba. Mule kuna wabaya, petroli na waasi, na kuna wazuri, walinzi na gorila. Mkulima namwona tu akikimbia vita na godoro kichwani. Sikuona anayemuuliza analima wapi. Parki ilianzishwa 1925 wakati wa mfalme Albert, ikapanuliwa, leo ina karibu kilometa za mraba 7,800. Historia hiyo inapita haraka haraka, utafikiri mipaka ilianguka toka mbinguni. Huku Beni mpaka huo ndio mazungumzo ya kila msimu: nani amevuka, nani amekatiwa mihogo, nani ameamka akakuta kiboko amemaliza shamba. Kijana anayechoma makala ndani ya parki si lazima awe adui wa gorila. Mara nyingi hana ardhi, basi.

Sisemi parki ifungwe, hapana! Hata taa za Mutwanga zinatoka kwenye maji yanayoshuka Rwenzori, ndani ya parki hiyo hiyo. Ndiyo maana nakasirika: hadithi ya mkulima na msitu ilikuwepo, tena ngumu kuliko ya petroli, kamera ikaipita.

Ilipoisha, mama mdogo akauliza: "Na sisi, tuko wapi mule ndani?" Nikakosa jibu. Halafu akataka kujua Kaboko alikufa na ugonjwa gani.