Mikrovolti Tatu

Makambako ni mji wa mizani. Hapa ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, TAZARA ina stesheni yake, na viazi na mahindi ya Njombe na Ludewa yakielekea Dar es Salaam hayana njia ya kuukwepa. Malori hupimwa barabarani, magunia hupimwa stoo, na kwa hiyo fundi mizani hakosi kazi. Huja na begi la bisibisi na mawe ya kupimia ya kilo 20 ambayo vijana wawili humsaidia kuyashusha kwenye bajaji. Wengi humwona kama mtu anayepoteza muda. Mimi naona ni mmoja wa mafundi wachache wanaojua mahali pa kuharakisha na mahali pa kungoja.

Chukua mizani ya jukwaa ya kilo 150, ile ya kidijitali iliyo karibu kila stoo ya mazao. Chini ya bamba lake kuna kipande cha aluminiamu kilichotobolewa katikati, mafundi wanakiita lodiseli. Juu ya kipande hicho zimegandishwa karatasi ndogo zenye uzi mwembamba wa metali. Gunia likikaa, aluminiamu inapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, uzi unavutika, na ukinzani wake kwa umeme unabadilika. Kazi ya kugandisha uzi wa namna hiyo ilifanywa mwaka 1938 na Wamarekani wawili, Edward Simmons wa Caltech na Arthur Ruge wa MIT, kila mmoja kivyake.

Sasa tazama udogo wa kinachotoka humo. Lodiseli ya kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti 1 inayolishwa. Ilishe volti 5: uzito wote wa kilo 150 utakuletea milivolti 10 tu. Mizani hii husoma kwa hatua za gramu 50, maana yake hatua 3,000 kutoka sifuri hadi mwisho. Gawanya, utaona kila hatua ina mikrovolti 3 na kidogo. Mfanyabiashara na mkulima wanabishania bei ya gunia huku wakitegemea umeme ambao mkono wako ukigusa waya tu unaweza kuuvuruga.

Anayeugeuza umeme huo kuwa namba ni chipu moja ndogo. Iliyoenea sana kwenye mizani za bei nafuu inaitwa HX711, na mbinu yake inatokana na kazi ya Wajapani Hiroshi Inose na Yasuhiko Yasuda ya mwaka 1962. Badala ya kupima mara moja kwa makini, chipu inauliza swali moja rahisi maelfu ya mara kila sekunde: umeme uko juu au chini ya makisio yangu? Majibu yote ni ndiyo au hapana. Kisha inayajumlisha na kutafuta wastani, na kwenye wastani ndiko usahihi unakopatikana. Chipu hiyo ina mwendo wa aina mbili. Inaweza kutoa namba mara 10 kwa sekunde, ikihitaji milisekunde 400 kutulia, au mara 80 kwa sekunde, ikitulia ndani ya milisekunde 50.

Mwenye stoo atataka ipi? Ya haraka, bila shaka. Foleni ya wakulima iko mlangoni.

“Fundi, namba hizi mbona zinajivuta?”

“Subiri kidogo, mama. Nikiikimbiza sasa hivi, itakudanganya.”

Hatanii. Kwenye mwendo wa 10, chipu ile inaziba mlango wa mngurumo wa umeme wa ukutani, unaozunguka mara 50 kwa sekunde, kwa sababu mizunguko mitano kamili inaingia ndani ya kila wastani na kujifuta yenyewe. Kwenye mwendo wa 80 mlango huo unabaki wazi, na namba ya mwisho inaanza kucheza bila mtu kugusa kitu. Wastani nao una bei yake: ukitaka kelele ipungue nusu, chukua masomo mara nne, ukitaka ipungue nusu tena, mara kumi na sita.

Huko nyanda za juu jambo hili lina kipengele kingine. Mawengi, wilayani Ludewa, kuna mtambo wa umeme wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa mradi wa shirika la Kiitaliano la ACRA na kuendeshwa na jumuiya ya watumiaji wa umeme, LUMAMA. Mtambo mdogo unaojitegemea, popote ulipo duniani, hauna mgongo mpana wa gridi ya taifa. Mashine ya kusaga ikiwashwa, mzunguko unazubaa kidogo kabla gavana, kidhibiti cha mwendo wa mtambo, hakijaurudisha. Kwa taa hiyo si shida, lakini chujio la chipu limetegwa kwenye 50 kamili, na mngurumo ukiteleza pembeni kidogo unapenya. Fundi anayejua maeneo ya namna hii hafanyi ugezi, yaani kuirekebisha mizani kwa mawe ya uzito unaojulikana, ikiwa kwenye chaja. Anachomoa waya, anafanya kazi yote kwa betri, kisha anachomeka tena na kuangalia kama sifuri imehama. Ni jambo la dakika mbili, nami silioni kwenye vitabu vya maelekezo ninavyofungua.

Kuharakisha mizani kwa njia ya halali kunafanyika kwenye programu. Kiashiria kizuri, yaani kile kisanduku chenye kioo cha namba, hakishikilii wastani mrefu kila wakati. Kinatazama badiliko. Gunia likidondoka na namba ikaruka kwa kilo kadhaa, kinatupa masomo yote ya zamani, maana hayahusu tena, na kuanza kukusanya mapya kwa wastani mfupi. Namba ikianza kutulia, kinarefusha wastani hatua kwa hatua hadi alama ya utulivu iwake. Mwenye stoo anaona mizani nyepesi, na usahihi haukuguswa. Kinachobaki kwa fundi ni kuchagua ukubwa wa mruko utakaoamsha badiliko hilo. Ukiwa mdogo mno, upepo wa mlangoni unaivuruga mizani. Ukiwa mkubwa mno, debe la maharage linapimwa kwa uvivu.

Ugezi wenyewe anauanza kwa kutofanya kitu. Anawasha mizani na kuiacha ipate joto, hasa asubuhi za Juni na Julai Njombe inapopiga baridi ya umande ulioganda. Kisha anapakia mawe hadi karibu na kilo 150, anayashusha, anayapakia tena, ili lodiseli inyooshe viungo. Hapo ndipo anapoweka sifuri, halafu mzigo unaojulikana, na kiashiria kinachora mstari kati ya nukta hizo mbili. Anahamisha kilo 50 kona moja baada ya nyingine. Kona ikitofautiana na nyingine, haendelei hadi aisawazishe.

Sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Mawe ya kilo 50 yako juu na kioo kinasema 50.00. Je, ni 50.00 kweli, au ni gramu 20 zaidi zilizofichwa na hatua ya 50? Fundi anatoa kijisanduku cha mawe madogo ya gramu 5, anayashika kwa kibano na kuyaweka moja moja, akisubiri kila mara. La kwanza, kimya. La pili, kimya. Likifika la tano ndipo namba ikayumba kati ya 50.00 na 50.05, mizani iko sawasawa. Ikiyumba kwenye la pili, mizani inazidisha gramu 15. Kanuni za kimataifa zinairuhusu mizani ya daraja hili, ikiwa mpya, kosa la gramu 50 kwenye mzigo huo. Fundi anaziandika hizo 15 hata hivyo.

Kimo nacho kina neno lake. Mvutano wa dunia hupungua ukipanda, na Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gunia la kilo 100 kwenye mizani iliyofanyiwa ugezi Dar es Salaam litapungua makumi kadhaa ya gramu, hali mizani ya zamani ya rula isingeona tofauti yoyote, kwa kuwa mawe yake nayo yanapungua vilevile. Baadhi ya viashiria hukuruhusu kuingiza thamani ya mvutano wa mahali ulipo. Fundi mzuri huiingiza, kisha anapakia mawe.

Yote haya, lazima nikiri, hayamsaidii mkulima anayeuza kwa macho. Lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, haihitaji mikrovolti wala chipu, na ndiyo inayowapunja wakulima wa viazi kuliko kosa lolote la kielektroniki. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mizani sahihi ikibaki kabatini haina la kusema.

Mwisho fundi anashusha mawe kwa mpangilio ule ule, akisoma kila ngazi, maana lodiseli mbovu husema kitu kimoja ikipanda na kingine ikishuka. Akiridhika anaandika karatasi yake, lakini haruhusiwi kujipa alama mwenyewe. Leseni yake inatoka Wakala wa Vipimo, na ni ofisa wa Wakala atakayekuja na mawe yake, apakie upya, afunge lakiri na kubandika stika ya mwaka.